Kura ya Hapana Inapopewa Uzito Zaidi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kizingiti cha Asilimia 60

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, na kwa miaka mingi sasa naishi Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, Marekani. Kura yangu ya kwanza nikiwa raia wa nchi hii niliipiga Agosti 2023, siku ambayo tuliulizwa kama tunakubali kwamba kuanzia hapo marekebisho ya katiba ya jimbo yapitishwe kwa asilimia 60 ya kura badala ya nusu na ushei. Nililisoma swali lile mara tatu nikiwa nimesimama, kwa kuwa niliona ajabu kuombwa nitumie kura yangu kuamua kura zenyewe zitahesabiwaje. Nikajibu Hapana, na upande wangu ukashinda. Mwaka uliofuata mdogo wangu anayeishi Jacksonville, Florida, alinipigia simu usiku wa uchaguzi akiwa amechanganyikiwa: hoja aliyoiunga mkono ilikuwa imepata kura nyingi kuliko za kuipinga, tena kwa tofauti kubwa, lakini televisheni ilikuwa inatangaza kwamba imeshindwa. Nilijaribu kumweleza, nikakwama. Inakuwaje katika nchi moja walio wengi washinde Ohio na washindwe Florida? Na je, hiyo ni haki?
Mama wa wanne, Columbus, Ohio

JIBU: Mama, tunakuamkia, na tunakushukuru kwa swali ambalo wengi wamelipita bila kulitazama kwa makini. Tuanze na lililo rahisi. Marekani ina katiba ya shirikisho, na kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake yenye utaratibu wake wa kurekebishwa. Ile ya shirikisho haipelekwi kwa wananchi hata kidogo. Inahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya Bunge na kisha idhini ya robo tatu ya majimbo, yaani majimbo 38, na ndiyo maana imerekebishwa mara 27 tu. Katiba za majimbo ni jambo lingine. Isipokuwa Delaware, ambako wabunge humaliza kazi wenyewe, majimbo yote hupeleka marekebisho kwa wapiga kura, na mengi yanaridhika na nusu na ushei. Florida inataka asilimia 60. New Hampshire inataka theluthi mbili. Colorado tangu 2016 inataka asilimia 55 kwa anayetaka kuongeza neno katika katiba, ingawa anayetaka kufuta tu anaweza kushinda kwa wingi wa kawaida.

Ili kuona kizingiti kinafanya nini, tunakuomba uchukue punje 100 za maharage uziweke mezani mbele ya watoto. Tenga 59 upande wa Ndiyo na 41 upande wa Hapana. Chini ya kanuni ya nusu na ushei, Ndiyo imeshinda na imeacha nafasi. Chini ya kanuni ya asilimia 60, punje 41 zimezishinda punje 59, na anayetazama meza bila kujua kanuni atadhani mhesabuji amekosea. Hakukosea. Kilichobadilika ni uzito wa punje: kila penye Hapana mbili, upande wa pili lazima ulete Ndiyo tatu. Kwa theluthi mbili ya New Hampshire, kila Hapana moja inadai Ndiyo mbili. Kwa hiyo kizingiti kinapopandishwa, kura ya mtu mmoja haipungui wala haiongezeki kwa jina, lakini kwa nguvu inatofautiana kulingana na kisanduku alichochagua kukijaza. Mtetezi wa kizingiti atasema hilo ndilo lengo, kwa sababu anayetaka kubadili katiba ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa kuwashawishi wenzake. Hiyo ni hoja ya heshima na tutairudia hapa chini. Ila ni lazima ikubaliwe waziwazi kwamba ndicho kinachofanyika, maana mara nyingi pendekezo la namna hii huuzwa kwa wananchi kama ulinzi wa katiba bila kutajwa kwamba linahamisha nguvu kutoka kwa watu 59 kwenda kwa watu 41.

Mdogo wako alikutana na kanuni iliyowekwa 2006. Kabla ya hapo Florida ilikuwa ikipitisha marekebisho kwa nusu na ushei, na wananchi walikuwa wameitumia nafasi hiyo kwa mambo ambayo yaliwakera wakubwa wa siasa na biashara. Mwaka 2000 waliingiza katika katiba agizo la kujengwa treni ya mwendo kasi, kisha 2004 wakaliondoa. Mwaka 2002 waliingiza kifungu kinachokataza nguruwe jike wenye mimba kufungiwa katika vizimba vyembamba wasivyoweza kugeuka. Kifungu hicho cha nguruwe kilitajwa tena na tena na waliotaka kupandisha kizingiti, kama ushahidi kwamba katiba imegeuzwa jalala. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba katiba ya Florida haiwapi wananchi njia ya kutunga sheria ya kawaida kwa kura. Mlango pekee waliofunguliwa ni ule wa katiba, kwa hiyo hata jambo la zizi la nguruwe lilipaswa kupitia humo humo. Wabunge wangeweza kuwafungulia mlango wa pili, wa sheria za kawaida, na katiba ingepumua. Walichagua kuupandisha juu ule mmoja uliokuwapo.

Na sasa tunafika kwenye jambo tunaloliona kuwa kiini cha swali lako. Marekebisho ya 2006 yaliyodai asilimia 60 yalipita kwa asilimia 57.8. Yaani kanuni hiyo isingeweza kuvuka kizingiti ilichokiweka yenyewe. Miaka 18 baadaye, Novemba 2024, hoja ya kulinda haki ya kutoa mimba ilipata asilimia 57.2 ya kura za Florida, zaidi ya kura milioni 6 dhidi ya milioni 4 na nusu hivi, ikaanguka. Na ile ya kuruhusu bangi kwa watu wazima ikaanguka siku hiyo hiyo kwa takribani asilimia 56. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mimba au bangi, nasi hatuwezi kuamua mambo hayo katika ukurasa huu. Lakini anayeweka namba hizo bega kwa bega, 57.8 iliyotosha kuweka kanuni na 57.2 isiyotosha kulinda haki, atajua kwa nini mdogo wako alichanganyikiwa.

Kwenu Ohio mambo yalikwenda kwa kasi zaidi na kwa uwazi zaidi. Wananchi wa jimbo hilo wana haki ya kupendekeza marekebisho tangu 1912, na kwa zaidi ya miaka 100 nusu na ushei ilitosha. Mwanzoni mwa 2023 sheria mpya ilikuwa imefuta karibu chaguzi zote za Agosti, kwa sababu wanaojitokeza mwezi huo ni wachache na gharama ni kubwa. Miezi michache baadaye bunge hilo hilo la jimbo likaitisha uchaguzi wa Agosti 8 ili wapiga kura waamue juu ya asilimia 60. Sababu ya haraka hiyo haikuwa siri: hoja ya wananchi kuhusu haki ya kutoa mimba ilikuwa inakusanya saini ili ifike kwenye kura ya Novemba, na katika jimbo jirani la Michigan hoja ya aina hiyo ilikuwa imepita mwaka uliotangulia kwa asilimia 56.7. Frank LaRose, Katibu wa Jimbo na msimamizi mkuu wa uchaguzi, aliwaambia wafuasi wa chama chake cha Republican kwamba shughuli ile ilikuwa kwa asilimia 100 ni kuizuia hoja ya mimba isiingie katika katiba. Kizingiti kilichotafutwa, kwa maneno mengine, kilipimwa kwa urefu wa mtu aliyetarajiwa kupita mlangoni.

Pendekezo lile halikuwa la asilimia 60 peke yake. Lilitaka pia saini zikusanywe katika kaunti zote 88 badala ya 44, na liliondoa siku 10 ambazo wahusika walikuwa wakipewa ili kujazia saini zikipungua baada ya kuhakikiwa. Mwenye kukaa Columbus anajua maana ya sharti la kaunti zote: kaunti moja ndogo ya mashambani ikikosa saini za kutosha, kazi ya mamia ya maelfu ya watu kwingineko inakuwa bure. Zaidi ya watu milioni 3 walijitokeza katika mwezi uliodhaniwa kuwa wa usingizi, na asilimia 57 wakasema Hapana, wewe ukiwa mmoja wao. Novemba hoja ya mimba ikapita kwa asilimia 56.8. Hesabu haihitaji maharage: Agosti ingekwenda upande mwingine, Novemba nayo ingekwenda upande mwingine.

Je, ni haki? Jibu letu ni hili. Jamii ina haki ya kujiwekea kizingiti kirefu kwa ajili ya katiba yake, lakini ina wajibu wa kukiweka kabla haijajulikana nani anakuja mlangoni, na pendekezo la kukipandisha linapaswa kwanza kukivuka lenyewe. Jimbo la Oregon lililiona hilo mapema. Mwaka 1998 wapiga kura wake waliweka katika katiba kwamba hoja yoyote inayotaka kura zinazozidi wingi wa kawaida haitapita mpaka yenyewe ipate wingi huo inaoudai. Tunatamani kanuni hiyo ya Oregon ingenakiliwa katika kila jimbo, kwa sababu inamlazimisha mwenye pendekezo aonje dawa yake kabla ya kuwagawia wengine. Arizona hawakuwa nayo 2022: walipitisha sharti la asilimia 60 kwa hoja za wananchi zinazohusu kodi, na sharti hilo lilipita kwa asilimia 50.7.

Mwambie pia mdogo wako kwamba wapiga kura, wakiulizwa moja kwa moja, mara nyingi wamekataa kupunguziwa nguvu, na hili si la chama kimoja. South Dakota na Arkansas ni majimbo yanayowachagua Warepublican bila kusita. South Dakota walikataa kizingiti cha asilimia 55 mwaka 2018, na Juni 2022 wakakataa cha asilimia 60 kwa hoja za kodi na matumizi makubwa, safari hiyo kwa takribani theluthi mbili ya kura. Arkansas wakakataa cha asilimia 60 Novemba mwaka huo huo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari, na nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba katiba ni sheria mama, haipaswi kuguswa kirahisi. Ibara ya 98 ya Katiba yetu inadai theluthi mbili ya wabunge, na kwa mambo fulani ya Muungano inadai theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Sioni kwa nini mtu alalamike kuhusu asilimia 60. Je, nusu na ushei ya siku moja, watu wakiwa wamepandwa na hasira au wamelishwa matangazo ya redio, inatosha kubadili msingi wa jimbo zima?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, hofu yako ina mizizi. Katiba ya Alabama ya 1901 ilirekebishwa zaidi ya mara 900, na hakuna mwananchi wa kawaida ambaye angeweza kuisoma yote akaielewa. Lakini tazama nani aliyeirundika hivyo: ni bunge la jimbo, kwa kuwa wananchi wa Alabama hawana haki ya kupendekeza marekebisho. Ukiwapandishia wananchi kizingiti kwa kosa la wabunge, utakuwa umemfunga aliyekuwa nje ya nyumba.

Theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya wapiga kura haziwezi kulinganishwa kana kwamba ni kitu kimoja. Wabunge hukaa chumba kimoja, husomewa mswada mara kadhaa, hubadili maneno, hubembelezana usiku, na wakirudi asubuhi maandishi yamekwisha rekebishwa ili yawaridhishe wengi zaidi. Mpiga kura anapewa aya iliyokwisha andikwa na visanduku viwili. Hana nafasi ya kusema kwamba angekubali kama neno fulani lingeondolewa. Kwa sababu hiyo ni kazi rahisi zaidi kufikia theluthi mbili bungeni, hasa pale chama kimoja kinapokuwa na viti vingi, kuliko kufikia asilimia 60 ya mamilioni ya watu wasiofahamiana.

Pili, mlango wa kuingilia tayari ni mwembamba. Katika Ohio ya 2023 hoja ya wananchi ilihitaji zaidi ya saini 413,000 halali kabla ya kuonekana kwenye karatasi ya kura. Hizo ni saini za watu wanaosimamishwa mmoja mmoja sokoni, chuoni na mlangoni, huku kila jina likilinganishwa na daftari la wapiga kura.

Na tatu, uliza kwa nini wananchi hukimbilia katiba badala ya sheria ya kawaida. South Dakota walipiga kura 2016 wakapitisha sheria ya kudhibiti fedha na zawadi katika siasa. Mapema 2017 bunge la jimbo likaifuta. Mtu akishafanyiwa hivyo mara moja, safari ya pili hatajenga nyumba yake juu ya mchanga wa sheria ya kawaida. Atakwenda kwenye mwamba wa katiba, ambako wabunge hawawezi kumfuata peke yao. Wabunge wanaolalamika kwamba katiba inajaa vitu vidogo wangeanza kwa kuziheshimu sheria ambazo wananchi wamezipitisha, na malalamiko yao yangepungua bila asilimia kupanda.

Kama hofu yako ni hasira ya siku moja, ipo dawa inayolenga ugonjwa huo hasa, nayo iko Nevada. Huko marekebisho yanayotokana na wananchi hayana budi kushinda katika chaguzi mbili zinazofuatana, ambazo hupishana miaka miwili, na kila mara nusu na ushei inatosha. Hasira ina muda wa kupoa, matangazo ya redio yana muda wa kusahaulika, na mwishoni bado walio wengi ndio wanaoamua. Tungekushauri uwape wanafunzi wako kanuni ya Nevada na kanuni ya Florida wazijadili pamoja, maana zote mbili zinadai kulinda katiba, lakini ya kwanza inadai subira na ya pili inadai idadi.

Umegusa pia jambo la pande mbili za Muungano, na hapo tunakubaliana nawe zaidi. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013, iliyotungwa kwa ajili ya Katiba Inayopendekezwa, ilitaka zaidi ya nusu ya kura Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kwa kuwa Muungano ulifanywa na wawili na haufai kubadilishwa na mmoja. Kura ile iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa, lakini kanuni yenyewe ilikuwa na mantiki. Sasa ilinganishe na Missouri. Septemba 2025 bunge la jimbo hilo liliidhinisha pendekezo la kuwapelekea wapiga kura, kwamba marekebisho yanayoletwa na wananchi yapite tu yakipata wingi katika kila wilaya ya uchaguzi wa Bunge la shirikisho, nazo ni 8. Wilaya hizo si washirika waliounganisha nchi. Ni mistari kwenye ramani, na bunge hilo liliichora upya ramani hiyo katika kikao hicho hicho. Kwa kuwa kila wilaya ina takribani sehemu moja ya nane ya watu, nusu ya wapiga kura wa wilaya moja, yaani kama mtu mmoja kati ya 16 katika jimbo zima, wangetosha kuzuia jambo lililokubaliwa na wengine wote. Marekebisho yanayoletwa na wabunge wenyewe hayakuwekewa sharti hilo. Mwalimu, kama kizingiti kingekuwa kwa ajili ya utukufu wa sheria mama, kingewahusu wote wanaotaka kuigusa.

SWALI: Naomba kujua, mtu akienda kupiga kura ya mbunge au rais lakini akaliacha swali la katiba bila kulijibu, kura yake inahesabiwaje? Na hapa Kenya je?
Mwanafunzi wa sheria, Mombasa

JIBU: Inategemea jimbo. Minnesota tangu 1898 hudai wingi wa watu wote waliopiga kura siku hiyo, kwa hiyo aliyeacha nafasi wazi amehesabiwa kuwa amekataa, hata kama aliacha kwa kutoelewa au kwa kutogeuza ukurasa. Illinois ina milango miwili: marekebisho hupita yakipata asilimia 60 ya waliolijibu swali, au nusu na ushei ya wote waliopiga kura katika uchaguzi huo. Mwaka 2022 kifungu cha haki ya wafanyakazi kujadiliana na waajiri kupitia vyama vyao kilipata asilimia 58.7 ya waliojibu, kikakosa mlango wa kwanza, kikapita kwa wa pili.

Kenya haikupandisha asilimia. Ibara ya 255 ya Katiba ya 2010 inataka wingi wa kawaida, ila inaongeza sharti la mahudhurio: angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, ambayo kwa kaunti 47 ni kaunti 24.

Florida na Ohio huhesabu waliolijibu swali peke yao. Mdogo wake mama wa Columbus aelewe, kwa hiyo, kwamba jirani yake aliyeiacha hoja ile wazi Novemba 2024 hakumsaidia wala hakumzuia. Waliomzuia ni wale milioni 4 na nusu waliojaza kisanduku cha Hapana, ambao kanuni ya 2006 iliwapa nguvu ya kura 3 kwa kila kura 2 walizopiga.